Mgongo wa Mkwe Wangu

Mgongo wa Banza ninaujua kuliko mgongo wa mtoto yeyote niliyemzaa. Ni mpana, umelalia kidogo upande wa kushoto kwa ajili ya kusukuma kinga iliyojaa makala, na shati lake huchanika mahali palepale kila mwaka. Kinga ni baiskeli na makala ni makaa, ndivyo tunavyoviita huku Likasi. Uso wake sikuujua. Banza ni mume wa binti yangu Clotilde, na kwetu mwanamume hatazamani na mama mkwe. Akimwona mbele yake anatoka njiani, anaingia majanini, anageuza mgongo na kuchuchumaa mpaka mama apite. Si woga huo, wala si ugomvi. Ni heshima, na heshima si utumwa.

Pasta Ambroise wa kanisa letu amehubiri mara nyingi kwamba Yesu alishatuondolea mambo hayo. Amina. Lakini mimi kwa macho yangu nilimwona Pasta huyohuyo, na suti yake ya ibada, akijitupa ndani ya mfereji wa maji machafu kwa sababu mama mkwe wake alikuwa anatoka dukani. Basi tuyaache.

Mimi naitwa Philomène. Nakaa Panda, mtaa wa Likasi, katika zile nyumba za kambi ya zamani, maana marehemu mume wangu alikuwa fundi wa karakana. Kiswahili hiki cha kitabu nilifundishwa na masista, nakitumia ili mtu wa mbali anielewe. Lakini watu wangu wakisema, nitawaacha waseme kama wanavyosema. Nataka kuwaeleza habari za Clotilde. Hapa Panda wanamsema vibaya, na wanaomsema hawajui hata nusu ya mambo.

Clotilde tangu utotoni ni mtu wa ukweli, tena ukweli wa kuudhi. Siku moja wageni walitujia saa ya chakula, na bukari, yaani ugali, lilikuwa dogo. Nikawaambia, karibuni, bahati mbaya sisi tumeshakula. Kale katoto kakanitazama kakasema, "Mama, hatuyakula. Uko unangoya baende." Nilitamani ardhi inimeze! Nilimfinya, akalia, lakini hakuyafuta maneno yake. Baba yake alicheka mpaka akakohoa.

Alisoma mambo ya kompyuta, akamaliza, akakaa miaka akiuza vocha za simu chini ya mwavuli. Ndipo akapata kazi mjini, katika chumba chenye vijana wengi na mashine nyingi, umeme wa jua juu ya paa. Siku ya kwanza alirudi anaruka kama mbuzi mdogo.

"Mama, tunafundisha mashini!"

"Mashini iko na masikio?"

"Iko na macho tu. Inaona, mais haijue inaona nini. Sherti muntu aiambie: huyu ni muntu, huyu ni imbwa, hii ni kinga."

"Mwenye macho haambiwi tazama," nikamwambia. "Hiyo mashini yenu ni jinga."

Akacheka, mkono mdomoni kama kawaida yake. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Picha zinakuja kwenye kioo, yeye anamzungushia kila mtu mstari, halafu anachagua neno la kusema mtu huyo anafanya nini. Mashine ikishaonyeshwa picha nyingi sana, inajifunza kuchagua yenyewe. Binti yangu alikuwa mwalimu wa chuma, na mimi nilitembea kifua mbele sokoni.

Sasa picha zilitoka wapi? Kuna kampuni moja ya shaba, jina silitaji, nina wajukuu. Ilijenga ukuta na kusimamisha nguzo zenye kamera kandokando ya njia yetu ya mashamba. Njia ile ni ya zamani kuliko ukuta. Mama wa mume wangu aliipita na mume wangu mgongoni. Kampuni ilisema, haya, piteni, lakini msiingie majanini, maana wezi wa mawe ya shaba huvizia humo na mifuko yao. Na wezi wapo, sibishi. Mimi nina shamba la mihogo ng'ambo ya njia hiyo. Banza hupitisha makala yake humohumo kutoka porini. Kampuni ilitaka mashine ijue nani mwizi na nani mpita njia, ili walinzi wasihangaike bure. Clotilde alipewa maneno matatu ya kuchagua: anapita, anafanya kazi, anajificha.

Mwanzoni aliona wachungaji, mama wenye mabeseni, watoto. Halafu ikaja picha ya mwanamume amechuchumaa majanini, mgongo huku, na mbele kidogo mama mzee mwenye jembe anapita zake. Clotilde akacheka peke yake. Nani Likasi asiyejua kile? Akaandika anapita.

Akapata onyo. Kumbe kila picha inatazamwa na watu watatu, na wale wengine wawili wako nchi ambazo hata yeye hazijui. Wawili walisema anajificha. Kwa hiyo mwenye kosa ni Clotilde.

Akaenda kwa shefu wao, mkuu wa kile chumba, kijana anayeitwa Guy, mtoto wa hapahapa.

"Shefu Guy, ule muntu haiko anajificha. Anaheshimia mukwe."

Guy akatazama picha, akacheka mpaka akashika meza. "Clotilde, minye mwenyewe dimanche, siku ya ibada, nilikimbilia nyuma ya choo juu ya mama-mukwe! Ngoya, nitabaandikia."

Akawaandikia kweli, simlaumu kwa hilo. Aliomba waongeze neno la nne. Jibu likaja: andikeni kile jicho linachokiona, msikisie kilichomo moyoni mwa mtu. Ukilisikia jibu hilo unaona lina akili, sivyo? Mimi mwenyewe niliona lina akili mpaka Clotilde aliponieleza. Alimwambia Guy, "Mais 'anajificha' nayo ni ya moyoni! Jicho inaona muntu anachuchumaa, basi. Kujificha, ni nani aliiona?"

"Minye najua, weye unajua," Guy akasema. "Bale benye kulipa habajue. Maji umeishayavulia nguo, dada, uyaoge tu."

Clotilde akajaribu mara ya pili, akaandika anapita. Onyo la pili. Na la tatu ni mlango, unafukuzwa. Basi picha iliyofuata, yule mtoto wangu wa ukweli, aliyekataa kudanganya wageni kwa ajili ya bukari, akaandika anajificha. Akaandika na nyingine. Wanaume wa watu, waume wa rafiki zake, migongo ya heshima, wote akawaita wezi kwa kidole chake mwenyewe, na mashine ikajifunza vizuri.

Alikuwa ametia sahihi kwamba hatasema mambo ya kazi nje ya kile chumba. Kwa hiyo alinyamaza. Mimi nilimwona tu amekauka. Anaunguza bukari, unamwita haitiki, na mkono hauendi tena mdomoni kwa kuwa kicheko hakipo. Nilifikiri ni mimba.

Halafu jioni moja akanikuta napika sombe, majani ya mihogo, akakaa kwenye kigoda, akasema bila salamu, "Mama, usipite tena mu ile njia ya mashamba."

Yooo! Damu ilinipanda. Nilijua mara moja, au nilifikiri najua. Mkwe amechoka kunipisha, na binti yangu ametumwa kunifukuza.

"Clotilde! Bwana yako njo amekutuma? Minye nitoke mu njia ya shamba yangu juu ya yee?"

"Haina vile, Mama."

"Iko namna gani? Sema! Nilikuzaa, haukunizaa!"

Akaanza kulia. Siku hiyo alikuwa ameletewa picha ya kinga yenye mifuko ya makala imeegemezwa kandokando ya njia, na majanini mgongo mpana uliolalia kushoto, shati limechanika. Mimi nilikuwa kwenye kona ya picha, na beseni langu. Alikuwa amemwandika mume wake anajificha. Wale wawili wa mbali nao wakaandika hivyohivyo, akapongezwa kwa kufanana nao.

"Sasa ile mashini bataiwasha," akasema. "Ikiona muntu kama Banza, inaita balinzi. Batamukamata, Mama. Batasema iko mwizi ya mawe. Na minye njo niliifundisha."

Sombe iliungua na sikuinuka. Tulizunguka jambo lile kama kuku anayetafuta mlango wa uzio. Banza apite barabara kubwa? Alishajaribu, malori ya kampuni yalimsukumia mtaroni na kinga yake, na kila kizuizi kina askari wanaonyoosha mkono wapewe hela. Mimi nipite barabara kubwa? Kwa goti hili ningefika shambani jua limeshazama. Clotilde aache kazi? Alikuwa ameshalifikiria hilo kuliko mimi.

"Nikiacha, batatia mungine. Ule hatajua hata kama kuko kintu inaitwa mukwe."

Clotilde alimwambia Banza, ile sahihi yake ya kunyamaza ikapita na maji. Na je, Banza asinipishe? Aliposikia hilo alisema heri kinga ipotee. Nami, niseme wazi, nilifurahi aliposema hivyo. Mume wangu alikufa bila kumtazama mama yangu usoni hata siku moja, na mama yangu alimlilia kuliko watoto wake. Mtu haachi kitu kama hicho kwa sababu ya nguzo.

Basi mimi Philomène nikapata akili. Ukitoka porini, kabla ya kufika kwenye nguzo, kuna tanuri la zamani la matofali, limebaki ukuta, na nyuma ya ukuta ule kamera haioni. Nikasema, nitakuwa naimba. Nikienda shambani nitaimba kwa sauti yote, Banza akinisikia asimame nyuma ya tanuri mpaka nipite. Na ikawa! Nilipita mbele ya nguzo zile nikiimba nyimbo za sifa kama kwaya nzima, mama wenzangu wananicheka, wananiuliza nimeolewa tena au vipi. Nilipofika kwenye tanuri nilikuwa nasikia kengele ya kinga ikilia kidogo tu upande wa pili, ndiyo salamu yake. Nilizitazama kamera nikazitolea ulimi. Clotilde akaanza kucheka tena kidogokidogo.

Tuliishi hivyo mpaka Orpa alipokufa. Orpa alikuwa jirani yangu tangu ujana, tumelea watoto pamoja, na kilio chake nilikishika mimi. Nililia, nikaimba, nikaongoza nyimbo usiku na mchana mpaka tukamzika. Baada ya mazishi sauti haikuwepo. Nikifungua mdomo inatoka pumzi tupu. Lakini kilio kilikuwa kimemaliza chakula nyumbani, na mihogo yangu niliyoiloweka kule ilikuwa inaoza. Nikaenda. Nilijiambia, leo Banza hayupo njiani, alikuwa nasi kilioni, atapumzika.

Hakupumzika. Naye nyumba yake haikuwa na kitu.

Tulikutana mbele ya nguzo, mahali peupe kabisa. Beseni lilikuwa kichwani, mkono mmoja umelishika na mwingine una jembe; ningepiga makofi na nini? Nilimwona akishtuka. Mtu aliyeambiwa, aliyejua, aliyekuwa na kamera juu ya kichwa chake. Miguu yake haikungoja kichwa. Aliegemeza kinga, akaingia majanini, akageuka, akachuchumaa.

Nilipita haraka, naomba Mungu mashine iwe imelala. Sikufika mbali. Gari likaja na vumbi lake, walinzi wakaruka na mbwa. Mmoja alikuwa na simu mkononi, na kwenye simu Banza yuko ndani ya mstari mwekundu.

"Simama! Geuka huku!"

Banza akasimama. Hakugeuka. Mimi nilikuwa nyuma yake pale, nimeganda, angegeukaje?

"Geuka, mwizi weye! Juu ya nini unaficha sura?"

"Siko mwizi," Banza akasema akitazama majani. "Hii ni makala."

Wakapasua mifuko, makala yakamwagika njiani, makala tupu, hakuna jiwe hata moja. Unafikiri waliomba radhi? "Mashini inasema unajificha. Unajificha juu ya nini kama hauna kintu?" Wakamshika mabega wamgeuze kwa nguvu, naye akafunika uso kwa mikono yake myeusi ya makala. Kadiri alivyojifunika ndivyo walivyozidi kuamini. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni mkwe wangu, kwamba ni mimi anayenikimbia. Ikatoka pumzi. Mungu wangu, hasira niliyokuwa nayo siku ile! Nikafanya kitu kimoja tu nilichoweza. Niligeuka mimi. Nikawapa mgongo wote, ili mtoto wa watu apate kugeuka.

Nikaenda zangu bila kutazama nyuma, nikisikia mbwa.

Walimfungia ndani ya kontena mpaka jua likainama. Mkubwa wao akaja, akaona hakuna kitu, akamwachia. Lakini walimpiga picha ya uso. Wakamwambia mashine sasa inamjua. Ikimwona majanini tena, kinga itabaki kwao na yeye atapelekwa kwa polisi kama mwizi, makala au si makala.

Habari haikai Panda bila miguu. Dada wa Banza alikuja uani kwetu akasimama mbele ya watu wote. "Kikulacho kiko mu nguo yako! Bibi yake, Clotilde, njo aliifundisha ile mashini!" Na ni kweli. Clotilde alipiga magoti mbele ya mume wake, na Banza akamwinua.

"Haukukosa," alimwambia. "Weye uliifundisha, sasa yeye njo inatufundisha siye."

Clotilde alirudi kwa Guy akamweleza yote. Guy hakucheka safari hii. Aliandika tena kwa wale wa mbali, akangoja, na jibu halikuja. Kilichokuja ni nguzo mpya. Walinzi walikuwa wamegundua ule ukuta wa tanuri, kwamba watu husimama nyuma yake, basi wakaubomoa, wakasimamisha kamera palepale. Sasa njia yote ina macho, kutoka porini mpaka Panda.

Sauti yangu ilirudi, lakini ningeimba nini? Wimbo ulikuwa wa kumwambia asimame, na mahali pa kusimama hapakuwepo.

Asubuhi tuliyokutana, nilimtambua mbali kwa ile kinga. Naye alinitambua, maana alipunguza mwendo. Nikasema moyoni, Philomène, wewe ni mkubwa, toka wewe njiani. Nikainua mguu kuelekea majanini, nikaona kamera, nikaurudisha. Mimi nikichuchumaa itasemaje? Itasema najificha, walinzi watakuja, na Banza atakuwa hapohapo na uso wanaoujua. Hapakuwa na mlango, si kwake wala kwangu. Njia ni nyembamba pale, kinga na beseni havipishani bila watu kukaribiana.

Akaja. Alisukuma kinga kama mtu anayesukuma jeneza, macho chini, jasho linamtiririka na asubuhi ilikuwa baridi. Tulipofikiana aliinua uso kwa sababu ilibidi aone njia, na mimi nilimtazama. Ana mvi ndevuni. Sikujua kama ana mvi. Ana kovu dogo chini ya jicho, na pua ya mjukuu wangu wa kwanza, ile niliyokuwa nasema siku zote imetoka upande wetu. Alikuwa analia kama mtoto.

"Mama, unisamehe," akasema.

Hilo ndilo neno la kwanza alilowahi kuniambia.

"Pita, baba," nikamwambia. "Pita tu."

Akapita. Wala hakuna gari lililokuja, wala mbwa. Jioni hiyo Banza hakula, na Clotilde ananiambia mpaka leo hakai tena mezani na watoto, kwa aibu.

Picha ile ilimfikia Clotilde baada ya siku chache. Alinisimulia kwenye kigoda kilekile, bila machozi. Mume wake na mama yake, uso kwa uso, katikati ya njia, wote wawili wanaonekana vizuri. Maneno ni yaleyale matatu. Akaandika anapita. Wale wawili wa mbali nao wakaandika anapita, wote wakakubaliana, na Guy akaletewa ujumbe kwamba picha za Likasi sasa ni safi.

Kazi bado anaifanya. Njia bado naipita, na Banza anaipita, tunakutana mara nyingi. Sasa naujua uso wa mkwe wangu. Sikuomba kuujua.